Mvua inapiga mabati, gitaa linarekodiwa

Kwa sisi tunaoishi chini ya mabati Kisumu, hakuna chombo rahisi kurekodi nyumbani kama gitaa la umeme. Sauti ya mwimbaji inataka kimya, na hapa Manyatta kimya hupatikana kwa kuvizia. Bodaboda zinapita, spika ya kanisa iko upande wa pili wa ua, jogoo wa jirani hana saa, halafu alasiri ziwa linatuletea mvua. Gitaa la umeme halijali hata kimoja kati ya hivyo. Pikapu zake, zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara, hunasa mtikisiko wa nyuzi za chuma zilizo juu yake. Ukichomeka gitaa moja kwa moja kwenye kompyuta, mvua inaweza kunyesha mpaka mkaongea kwa ishara, na kwenye rekodi usisikie tone.

Nalisema hili kwa sababu vijana wanaopita kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu Kondele, wakijua kwamba nami napiga gitaa la pili, lile linalosindikiza la solo, swali lao la kwanza huwa ni programu gani wapakue. Programu zipo, na nyingine ni za bure. Audacity haina malipo kabisa, na Reaper inakuruhusu kuijaribu siku 60 bila kukatiwa kitu. Lakini rekodi nzuri ya gitaa huamuliwa kabla sauti haijafika kwenye programu yoyote. Huamuliwa kati ya kidole chako na tundu unalochomeka kebo.

Tundu lenyewe ndilo linalowaangusha wengi. Tundu la hedifoni lililo ubavuni mwa laptopu limetengenezwa kwa ajili ya maiki ndogo ya kuongelea. Pikapu ya gitaa hutoa umeme dhaifu sana, nayo inahitaji mlango ambao hauivuti kwa nguvu: mlango wenye ukinzani mkubwa, wa karibu omu milioni moja. Ukiipeleka kwenye mlango wenye ukinzani mdogo, noti za juu ndizo zinazokufa kwanza, na gitaa linasikika limefunikwa blanketi. Na utamu wa benga, muziki wetu wa gitaa hapa kando ya ziwa, uko huko huko juu. Kwa hiyo kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua intafesi, kile kisanduku kidogo kinachochomekwa kwenye USB, chenye tundu lililoandikwa INST au Hi-Z. Intafesi ya mkono wa pili yenye tundu hilo inatosha kabisa. Kagua kama kitufe cha kuchagua chombo kinabofyeka na kama jeki inashika bila kuchezacheza, kisha lipa.

Mvua haiingii, lakini stima inaingia. Umeme wetu hubadilisha mwelekeo kwa mzunguko wa hezi 50, na pikapu ya koili moja huudaka mvumo wake popote ulipo: kwenye taa, kwenye chaja, kwenye televisheni ya chumba cha pili. Pikapu za koili mbili ziliundwa ili koili moja ifute mvumo wa mwenzake. Kama gitaa lako ni la koili moja, kaa mbali na kompyuta kadiri kebo inavyoruhusu, kisha jigeuze polepole kwenye kiti huku ukisikiliza. Kuna pembe ambapo mvumo unashuka ghafla. Ukiipata, usiondoke hapo. Na chaja ya laptopu ichomoe wakati wa kurekodi. Chaja nyingi, hasa zile za kubabaisha zenye pini mbili, hupitisha mlio mwembamba unaokwaruza ndani ya kila noti. Betri haina mlio huo, na stima ikipotea katikati ya wimbo, kompyuta yako inaendelea kufanya kazi.

Mwezi uliopita nilimrekodi mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye bendi za benga kando ya ziwa. Jina lake ataliandika mwenyewe siku akitoa nyimbo zake. Hapa nitamwita Jaduong', yaani mzee kwa Kiluo, kama tunavyomwita wote. Alikuja na gitaa lake la zamani ndani ya mfuko wa unga. Nilipolichomeka likavuma vibaya. Sasa, gitaa lisilo na hitilafu huvuma kidogo ukiliacha, na ukigusa nyuzi mvumo unapungua, kwa kuwa nyuzi zimeunganishwa na waya wa ardhi kupitia daraja lililozishika. Nikamwambia, "Jaduong', hebu weka kiganja juu ya nyuzi zote." Akaweka. Mvumo haukubadilika hata chembe.

Hapo nilijua pa kwenda. Nikafungua kifuniko cha nyuma, na waya mweusi unaotoka kwenye daraja ulikuwa unaning'inia, ncha yake imeota ukungu wa kijani, lehemu yake imebaki mgongoni mwa kitasa cha sauti. Nikaisugua ncha kwa wembe mpaka shaba ikang'aa, nikaitia lehemu mpya kidogo, nikashikilia pasi ya lehemu pale kwenye kitasa mpaka chuma kikapata moto wa kutosha. Hapo usiwe na haraka, maana lehemu iliyowekwa juu ya chuma baridi hushika kwa macho tu. Nilipomrudishia gitaa akaweka tena kiganja, chumba kikatulia. Akanitazama, akasema, "Miaka yote hii nilidhani ni uzee wake."

Kisha tukakutana na tatizo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo adui mkubwa wa benga kwenye kompyuta: kuchelewa.

Kompyuta haipokei sauti mfululizo. Huikusanya kwa mafungu, hulishughulikia fungu moja, hulitoa, huchukua jingine. Ukubwa wa fungu huitwa bafa. Intafesi ikifanya kazi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na bafa ikiwa sampuli 1,024, fungu moja tu ni milisekunde 23. Sauti hupita fungu la kuingia na la kutoka, kwa hiyo mpigaji anasikia noti yake milisekunde 46 na ushee baada ya kidole kuigusa. Hewani, sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Milisekunde 46 ni kupiga gitaa hapa huku spika yako iko mita 16 kutoka ulipoketi.

Anayepiga kodi pana za taratibu, yaani noti kadhaa kwa mpigo mmoja, anaweza kuvumilia. Benga haivumilii. Mtindo huu ulikua miaka ya 1960 kwa Waluo waliohamishia kwenye gitaa namna ya kudonoa nyuzi nane za nyatiti, kinubi chao cha jadi, na tangu wakati wa mpiga gitaa D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz, gitaa la solo limekuwa likijibizana na mwimbaji, kisha maneno yakiisha linaachiwa uwanja likimbie peke yake. Wimbo wa Jaduong' tuliupima ukawa mapigo 130 kwa dakika. Ndani ya kila pigo vidole vyake, gumba na cha shahada bila plektra, vinaweka noti nne. Kati ya noti na noti ni milisekunde 115. Ukimcheleweshea 46, umemla karibu nusu ya nafasi.

Hesabu hiyo yeye hakuihitaji. Alipiga kidogo tu, akasimamisha mkono, akavua hedifoni. "Kijana wangu, hii mashine inanifuata nyuma kama mtu asiyejua wimbo."

Nilishusha bafa hadi 128. Kwa mafungu mawili hiyo ni chini kidogo ya milisekunde 6, ongeza kidogo kwa kazi ya intafesi yenyewe. Laptopu ya zamani hulalamika kwa kukatakata sauti ukiishusha namna hiyo, basi funga kivinjari, zima Wi-Fi, ondoa vikolezo vyote, kama mwangwi, kwenye traki nyingine, na kwenye Windows tumia draiva ya ASIO, ile programu ya kupunguza kuchelewa, kutoka kwa mtengenezaji wa intafesi. Ikishindikana kabisa, intafesi nyingi zina kitufe au kitasa cha kukusikilizisha gitaa kabla halijaingia kwenye kompyuta. Utajisikia mkavu, bila mwangwi wala uzuri wowote, lakini utajisikia kwa wakati. Nampa kila mpigaji wa benga ushauri huo huo: achague wakati kuliko uzuri. Uzuri unaongezwa kesho. Mkono uliopiga kwa kusitasita hauna programu ya kuutibu.

Jaduong' alivaa hedifoni tena, akanyamaza, akasikiliza metronomu mpaka goti lake likaanza kwenda nayo. Kisha akaingia. Nje mvua ilikuwa imeshaanza, na mimi sikuwa nasikia kitu kingine ila yeye.

Kuhusu kiwango cha sauti sina mengi. Rekodi kwa biti 24, acha noti kali kabisa ifike karibu na desibeli -12, na usiikimbilie sifuri. Juu ya sifuri kompyuta hukata kichwa cha wimbi, na kilichokatwa hakirudi. Traki moja ya gitaa kwa kipimo hicho hula karibu megabaiti 8 kwa dakika, kwa hiyo hakuna sababu ya kubana nafasi kwa kurekodi MP3.

Toni ndiyo inayowakatisha tamaa wanaosikiliza rekodi yao kavu mara ya kwanza. Inachoma sikio. Sababu ni kwamba spika ya ampulifaya ya gitaa, ile ya inchi 12, hushuka haraka baada ya hezi 5,000 hivi, nasi tumezoea gitaa lililochujwa na spika. Kwenye waya hakuna spika, kwa hiyo kila mkwaruzo wa ukucha unapita. Weka programu ya kuiga ampulifaya na kabati lake. Neural Amp Modeler ni ya bure na ni nzuri kweli. Kwa benga chagua ampulifaya safi isiyonguruma, mwangwi mfupi, basi. Huna nafasi ya programu hiyo? Kata kila kitu kilicho juu ya hezi 6,000 kwa kichujio, nusu ya kazi itakuwa imekwisha. Traki kavu usiifute kamwe. Ihifadhi pembeni, kwa sababu masikio yako ya mwaka ujao yatataka toni tofauti, na Jaduong' hawezi kuitwa arudie kila nikibadili mawazo.

Gitaa langu la pili nimelirekodi baadaye nikimfuata yeye. Solo nimeisogeza kidogo kulia, la pili kushoto, katikati nimeacha wazi kwa sauti na besi. Solo yake yote iko juu shingoni, hivyo nimekata chini ya hezi 150 ili mpigaji wa besi asigombane na mtu. Anakuja Jumamosi kutoka Migosi na kebo yake mwenyewe, maana zangu nimewaazima watu. Sauti ya Jaduong' tutaichukua alfajiri moja ya siku ya kazi, kabla bodaboda hazijaamka, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani.