Konrodi Namba Nne

Septemba 2014 injini ya pikapu yangu ilinoki. Aliyewahi kuisikia sauti ile hana haja ya kuelezwa: ngo, ngo, ngo, nzito, kutoka tumboni mwa injini, inazidi unapokanyaga mafuta na kupungua unapoachia. Nilikuwa nimetoka nayo nyumbani Harrisburg, jimbo la Pennsylvania, na hata maili kumi sijafika. Nikazima palepale kando ya barabara. Nilikaa ndani muda mrefu mikono ikiwa juu ya usukani, kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

Pikapu yenyewe ni Chevrolet 3100 ya mwaka 1951. Niliinunua kwa mkulima mmoja wa Lancaster, ilikuwa imelala ghalani miaka mingi chini ya marobota ya nyasi. Wanaoyajua magari haya huutambua mwaka wake kwa kutazama mlango tu. Mwaka 1951 ndipo yalipowekewa vioo vidogo vya pembeni vya kuingiza upepo, lakini kitasa kilibaki kile cha kukishusha chini. Mwaka uliofuata wakaleta cha kubonyeza. Sakafu ya bodi ya nyuma ni mbao. Injini ni silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, inchi za ujazo 216, yaani lita tatu na nusu hivi.

Mimi ufundi nilijifunzia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nikianzia spanaboi, yule kijana wa kumshikia fundi spana. Gereji yetu ilikuwa ya Land Cruiser, zile za petroli za silinda sita. Siku nilipofungua boneti ya Chevrolet kwa mara ya kwanza, kule kule ghalani, nilihisi nimekutana na babu wa mtu ninayemfahamu. Na kweli ni undugu. Toyota walipounda injini yao ya kwanza katika miaka ya 1930, walifuata mfano wa silinda sita ya Chevrolet. Hata mpangilio wa silinda kuwaka ni uleule wa Land Cruiser zetu: 1-5-3-6-2-4. Namba hizo mwalimu wangu alinikaririsha kabla hajaniruhusu kugusa distributa, kile kifaa kinachogawia plagi umeme. Kwa hiyo nililinunua lile gari nikiwa na imani kwamba mikono yangu tayari inalijua.

Injini iliponoki nilifanya kama nilivyofundishwa. Nikaiwasha kwa muda mfupi, nikawa nachomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine, huku nimeegemeza bisibisi ndefu kwenye bloku na mpini wake sikioni. Nilipochomoa ya nne, mlio ukafifia. Nikamwaga oili, ikatoka na vumbi linalometameta kama magamba ya dagaa. Nikashusha sampu, lile karai la oili chini ya injini, nikafungua konrodi namba nne, yaani mkono wa chuma unaounganisha pistoni na kranki, shafti kuu ya injini, na hapo ndipo nilipokwama.

Katika Land Cruiser, beringi za konrodi ni vipande viwili vyembamba vya nusu duara. Unavinunua dukani ndani ya boksi, unavipachika, unafunga. Katika injini hii havipo. Madini laini yenye bati, ambayo wenyewe huyaita babiti, yamemiminwa moja kwa moja kwenye tumbo la konrodi, na yakiisha konrodi nzima inatoka. Tena oili haipiti ndani ya kranki kwenda kwenye konrodi kama tulivyozoea sisi. Chini ya kila konrodi kuna kijiko. Ndani ya sampu kuna vihori sita, kila kijiko na cha kwake, na kranki ikizunguka kijiko kinachota. Gari likishika kasi, vijibomba vilivyomo humo humo kwenye sampu vinarusha oili kama mshale na kijiko kinaidaka hewani. Niliitazama kazi ile kwa tochi nikastaajabu. Mtu alikaa akafikiri, akaona kijiko kinatosha, na kilitosha kwa malori na pikapu zisizohesabika.

Usiku ule nilimpigia mwalimu wangu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

Nikamtumia picha zote: konrodi, kijiko, vihori. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mwanangu, hii ya kijiko sijawahi kuifungua. Nikikuambia neno hapa nitakuwa nakisia, na wewe utakwenda kuua kranki kwa kisio langu. Gari hilo lina wazee wake huko huko. Watafute. Na usiende mikono mitupu, nenda na kifaa."

Nenda na kifaa. Kwetu Gerezani hiyo ilikuwa sheria. Huendi dukani kuuliza spea kwa jina, kwa sababu kila duka lina jina lake na kila muuzaji atakuambia anayo. Unakwenda na kile kibovu mkononi, unakiweka mezani, na kuanzia hapo hakuna wa kukudanganya. Kwa miaka yote niliamini faida yake ni hiyo tu.

Oktoba ikafika, na Oktoba kwa watu wa magari ya zamani ni Hershey. Ni mji mdogo, mwendo wa nusu saa hivi kutoka kwangu, wenye kiwanda cha chokoleti na taa za barabarani zilizochongwa kwa umbo la peremende zake. Tangu 1955 chama cha wapenzi wa magari ya kale hukutana pale kila mwaka, na viwanja vinavyouzunguka uwanja wa burudani vinageuka gulio la spea. Mkutano wenyewe una mashindano ya magari yaliyokwisha kurekebishwa, mazuri ajabu, lakini mimi sikwenda kwa ajili ya hayo. Nilikwenda siku ya Alhamisi, asubuhi yenye baridi ya kuuma vidole, konrodi yangu nimeiviringisha kwenye taulo na kuitia ndani ya mfuko wa mchele.

Sijui nikufananishie na nini. Chukua Gerezani, iongeze mara nyingi, kisha ondoa kila kitu kilichotengenezwa baada ya baba yako kuoa. Maturubai kwa safu, hayaishi. Rejeta za Ford Model T zimeegemezwa kama milango. Ndoo za vitasa. Taa za mbele zimepangwa kwenye majani, jozi kwa jozi, kama macho. Boksi za Delco-Remy, kampuni ya vifaa vya umeme wa magari, ambazo karatasi yake imegeuka rangi ya chai, na ndani kifaa hakijawahi kuguswa na spana, mpya kabisa, cha miaka sitini iliyopita. Wazee wamekaa kwenye viti vya kukunja, blanketi magotini, na mabango yao yameandikwa kwa mkono kwenye maboksi. Walikuwa wakikumbushana enzi ambazo viwanja vile vilikuwa udongo mtupu na mvua ikinyesha watu wanapoteza viatu matopeni.

Saa za kwanza zilikuwa ngumu. Kila niliyemuuliza alinipa ushauri uleule: hiyo 216 itupe, tia injini ya inchi 235 ya mwaka 1954 au baada yake, inaingia humo humo, na yenyewe oili yake inasukumwa kwa presha mpaka kwenye konrodi. Si ushauri mbaya. Wengi wamefanya hivyo na magari yao yanatembea. Lakini mimi sikununua gari lile ili nilitoe moyo. Nilikuwa nimemuahidi mkulima wa watu kwamba nitaliamsha na injini iliyolala nayo.

Adhuhuri nilifika kwa mzee mmoja, umri wake ukipita themanini, ambaye meza yake ilikuwa na vitu vya Chevrolet peke yake. Juu ya meza, kitabu cha Hollander kilichoraruka jalada, kile kinachoonyesha spea ya gari lipi inaingia katika gari lipi. Chini ya meza, sanduku la mbao, na ndani yake konrodi zimelazwa kama samaki, kila moja imepakwa grisi na kufungwa kikaratasi chenye kipimo.

"Ya mwaka gani?" akauliza.

"1951, mzee. Namba nne."

"Umekuja nayo?"

Nikaikunjua kutoka kwenye taulo. Nilitarajia aangalie babiti iliyochakaa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikionekana: imeburuzika na kuwa nyeusi. Hakuiangalia. Aliigeuza konrodi juu chini, akavaa miwani, akapitisha kidole gumba kwenye ncha ya kijiko. Polepole, akarudia mara ya pili. Kisha akaushika mkono wangu na kukiweka kidole changu mahali pale pale. Ncha ilikuwa laini, inang'aa, na imepinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho langu lilikuwa limekipita kwa wiki tatu nzima.

"Kijiko hiki kimekuwa kikigonga kitu," akasema. "Kabla injini haijaanza kelele, uliinyanyua?"

"Ndiyo. Nilibadilisha mauntingi ya mbele, ile raba inayoishikilia injini."

"Jeki uliiweka wapi?"

Mwili wangu wote ulipata moto katika baridi ile. Jeki niliiweka chini ya sampu, na juu yake kipande kidogo cha ubao. Ndivyo tulivyofanya Gerezani mamia ya mara. Sampu ya Land Cruiser ikibonyea kidogo, kuna nafasi ya kutosha juu yake, hakuna kinachoguswa. Lakini katika injini hii ya kijiko, sampu si karai la kuwekea oili tu. Ni nusu ya mfumo wenyewe wa kulainisha. Nilikuwa nimekiona kile kishimo kilichoachwa na jeki, upana wa kiganja, na kina chake hakifiki ncha ya kidole. Nikakipiga brashi, nikakipaka rangi.

"Konrodi hii ilikufa kwa kiu," mzee akasema. "Nikikuuzia nyingine leo uifunge vivyo hivyo, mwakani utarudi hapa kununua ya tatu. Kaa."

Nikakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Akachana kipande cha boksi, akachora sampu kwa penseli, vihori sita na vijibomba sita. Akanieleza kwamba zamani mafundi wa Chevrolet walikuwa na kifaa cha bati chenye matundu, unakilaza juu ya sampu iliyoshushwa, unaunganisha mpira wa maji mahali oili inapoingilia, na kila mchirizi lazima upite katikati ya tundu lake. Ukipita pembeni, kijiko hakitaudaka. Akanieleza jinsi ya kupima kranki kwa maikromita pande zote, maana ikishakuwa yai konrodi mpya haitadumu. Na jinsi ya kupunguza vile vibati vyembamba vya pembeni ya kifuniko, kimoja kimoja, mpaka konrodi iteleze kushoto na kulia kwa kusukumwa na mkono, isilegee wala isishike. Wateja wawili walikuja wakasimama, akawaambia wasubiri. Mkewe akaniletea kahawa bila kuniuliza.

Kisha akainuka, akaingia kwenye gari lake, akarudi na kile kifaa chenyewe cha bati. Akakiweka mapajani mwangu.

"Hiki siuzi. Nirudishie Oktoba ijayo."

Hakuniuliza jina. Mimi ndiye niliyemwandikia kwenye kipande cha boksi, jina na namba ya simu. Konrodi alinitoza dola 45, na ile mbovu nikamwachia, kwa kuwa hizo hupelekwa zikamiminwe babiti upya na kumfaa mwingine.

Jumamosi niliilaza sampu juu ya vitofali nyuma ya nyumba. Kishimo nilikuwa nimekirudisha kwa nyundo ya mpira, nikigonga kutoka ndani kwa subira, nikipima kwa rula kila baada ya mapigo machache. Nikalaza kile kifaa juu yake, nikafunga mpira wa bustani, mwanangu wa miaka tisa akafungua bomba. Maji yakainuka. Michirizi mitano ilipita kwenye matundu yake imenyooka kama uzi. Wa nne ulipiga ukingo wa bati ukatawanyika na kunilowesha kifua chote. Mtoto akacheka, nami nikasimama pale nikiutazama, kwa maana hicho ndicho kilichokuwa kikitokea gizani ndani ya injini yangu siku zote zile. Nilikishika kijibomba kwa koleo nikakikunja, unywele kwa unywele, mpaka mchirizi ukaingia tunduni na ukatulia. Kranki nilikuwa nimekwisha kuipima, na ilikuwa bado duara.

Wiki iliyofuata nikaiwasha. Nikaweka bisibisi kwenye bloku, mpini sikioni, nikahama kutoka silinda ya kwanza hadi ya sita, kisha nikarudi ya nne na kukaa hapo mpaka mke wangu akaja kuniuliza kama nimelala. Nikampigia mwalimu. Kwangu ilikuwa saa nne usiku, kwake saa kumi na moja alfajiri, ametoka kutawadha. Nikaisogeza simu kwenye injini asikilize. Nikamweleza habari ya mzee wa Hershey, ya jeki, ya kile kishimo nilichokipaka rangi, ya kifaa cha bati na maji.

Hakunilaumu. Aliuliza vihori vina kina gani, na mdomo wa kijiko unatazama upande gani.

"Anza upya," akasema. "Taratibu. Subiri kwanza nichukue kalamu."