Siku moja maishani mwangu: kuteremka Courtois na mzee wa Kisumu

Saa kumi alfajiri. Kabla ya chai natazama simu: kipimo cha maji cha USGS, idara ya serikali ya Marekani inayopima mito, pale Berryman. Hicho ndicho bosi wangu. Maji yakiwa mengi na rangi ya udongo, naahirisha safari hata mteja akinuna. Yakipungua mno, siku nzima ni kuburuta mtumbwi juu ya changarawe. Leo yako chini kidogo na ni maangavu. Tutaburuta mahali mahali.

Kazi yangu ni kuteremka na wavuvi kwenye Courtois, kijito cha vilima vya Ozark jimboni Missouri, Marekani. Kinaingia Huzzah, na Huzzah haiendi mbali kabla ya kumwagikia mto Meramec. Tunayemtafuta ni samaki aitwaye besi wa mdomo mdogo: rangi ya shaba, jicho jekundu, mistari wima ubavuni, na hasira isiyolingana na umbo lake.

Saa kumi na mbili. Mteja wa leo ni mzee wa Kisumu, muuguzi mstaafu anayeishi St. Louis. Kachagua Jumanne, na kafanya vizuri. Wikiendi za Juni hapa ni bia na muziki kutoka kingo hadi kingo. Amekuja na fimbo nene ya kuvulia sangara. Akayatazama maji, upana wa hatua chache tu.

"Mwanangu, umenileta mtoni ama mtaroni?"

"Mtaroni, Mzee. Lakini una wenyewe."

Fimbo yake ikabaki garini, nikampa yangu nyepesi. Gari la pili tulikuwa tumeshaliacha chini, tutakakotokea.

Saa moja. Nyuma ya mtumbwi nimefunga mnyororo mfupi uliovishwa mpira wa ndani wa baiskeli. Ukiburuzika chini mtoni unapunguza mwendo, na ule mpira unaua kelele. Bila huo, mkondo utakupitisha mahali pazuri hujarusha hata mara moja. Kamba yake siifungi fundo gumu. Ukinasa kwenye gogo naiachia papo hapo, maana mtumbwi ulionaswa nyuma huku maji yanasukuma hugeuka ubavu, na ubavu ukishapigwa mnaogelea wote.

Saa mbili. Besi hakai katikati ya mkondo kujichosha. Anajibanza nyuma ya jiwe au chini ya mizizi, pale maji ya kasi yanapopakana na maji tuli, akingoja aletewe kamba wa mtoni, wale wenye magando. Kwa hiyo hurushi kwenye gogo lenyewe. Unarusha upande maji yanakotoka, unaacha maji yapeleke chambo chenyewe hadi mlangoni. Chambo chetu ni cha plastiki, rangi ya kahawia, ncha ya ndoano imefichwa ndani yake isinase kila tawi.

Mzee alinasa matawi kadhaa hata hivyo. Kisha mshipi ukaenda pembeni ghafla.

"Mtoe kwenye miti, Mzee! Vuta kulia!"

Samaki akaruka juu mara mbili. Tulipomtia wavuni Mzee akatoa mfuko wa plastiki kutoka mfukoni, ametulia kabisa, kama mtu aliyetoka sokoni. Sheria haikatazi: kwenye vijito vingi vya kusini mwa Missouri unaruhusiwa kubaki na besi kuanzia Jumamosi ya nne ya Mei hadi mwisho wa Februari, kwa urefu na idadi iliyowekwa. Ila kijito ni kidogo, na samaki huyu huchukua miaka kadhaa kufika ukubwa ule. Nikamwomba amrudishe. Akanitazama, akamtazama samaki, akasema neno la Kidholuo ambalo sikulielewa, akamwachia.

Saa nne. Hapa ndipo siku ilipopatia kisa chake. Mti mkubwa, sikamori, umeanguka usiku wa juzi au jana, umelala ng'ambo hadi ng'ambo. Miti huwa inaanguka upande wa nje wa kona, kwa sababu huko ndiko mkondo unakokula ukingo. Maji yanapita kati ya matawi, mtu hapiti. Kanuni yangu ni moja: tunatua mapema, upande wa ndani wa kona, kwenye changarawe. Na ikitokea mmeshasukumwa kwenye mti, unauinamia mti. Mwili wote utakwambia ujivute nyuma, na ukijivuta, mtumbwi unameza maji.

"Si waje na msumeno wakate?" Mzee akauliza.

Wengi husema hivyo. Mimi ningekata upenyo wa mtumbwi mmoja, basi. Huo mti mwaka ujao utakuwa umechimba lindi chini yake, na lindi hilo litakuwa na besi. Kijito kilichosafishwa ni kizuri kwa wapiga picha.

Saa sita. Tukabeba mtumbwi kupitia ukingoni, kwenye ardhi ya mtu. Mzee akawa anageuka geuka kuangalia kama tunafukuzwa. Nikamwambia habari ya kesi ya Elder dhidi ya Delcour ya mwaka 1954, iliyohusu Meramec: mahakama ya juu ya jimbo iliamua kwamba umma unaweza kuelea, kuvua na kutembea mtoni hata mto ukikatiza shamba la mtu, na kizuizi kikiziba njia, mnaweza kukizunguka kwa ukingoni. Kuzunguka tu, si kupiga kambi. Mwenye shamba alitokea na mbwa wake, akatupungia mkono, akauliza kama samaki wanakula chambo.

Saa nane. Jua kali, samaki wamelala. Tukala mikate, tukapiga makasia.

Saa kumi jioni. Kivulini mwa jabali la mwisho Mzee akapata mwingine, mkubwa kuliko wa asubuhi, akamrudisha bila kuambiwa. Mfuko akautumia kubebea viatu vyake vilivyolowa.

Saa mbili usiku. Nimewaandikia waongozaji wenzangu ulipo ule mti: tua kushoto kabla ya kona, usingoje uuone. Wateja wa kesho ni watu wawili, na nimewakumbusha waje na viatu vya kufunga kamba. Ndara mto huzichukua.