Barua ya kuomba kumwona ndugu gerezani: Kisongo na Karanga

Kabla sijashika kalamu kumwandikia mtu barua hii, huwa nauliza swali moja: ndugu yako ni mahabusu au mfungwa? Mahabusu kesi yake bado inaendelea, mfungwa ameshahukumiwa. Jibu hilo linabadilisha mambo mengi, kuanzia siku za kumwona hadi vitu anavyoruhusiwa kupelekewa. Na kama yuko lokapu ya polisi, mahakama haijampeleka gerezani, barua kwa Mkuu wa Gereza haina kazi. Nenda kituoni.

Kwa siku za kawaida za wageni, mara nyingi unafika getini na kitambulisho, unaandikwa, unasubiri kuitwa. Siku zenyewe waulize askari wa getini, maana kila gereza lina ratiba yake. Barua inahitajika pale unapoomba kitu nje ya utaratibu: umetoka mbali na siku ya wageni imepita, kuna msiba nyumbani, au kuna karatasi anayotakiwa kusaini.

Naiandika kwa Mkuu wa Gereza, ukurasa mmoja tu. Kwenye "YAH:" naweka ombi na jina la anayetembelewa. Chini yake: jina lako, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), simu, mtaa unaoishi, uhusiano wenu, sababu, na tarehe unayoomba. Sababu iwe moja na iwe wazi. "Naomba kumwona kaka yangu asaini karatasi za shamba" inapata jibu haraka kuliko kurasa mbili za malalamiko kuhusu kesi. Kesi inaamuliwa na hakimu; Mkuu wa Gereza hana mamlaka nayo.

Jina ndilo linalokwamisha watu wengi. Nyumbani anaitwa Baba Neema, kwenye hati ya mahakama kuna majina matatu, tena pengine herufi imekosewa. Askari anatafuta kwenye daftari kama lilivyoandikwa kwenye hati. Kwa hiyo pitia kwanza kwa karani wa mahakama, uchukue jina lilivyo, namba ya kesi na tarehe ya kutajwa. Tarehe hiyo itakusaidia pia kutofunga safari bure: kesi ya mahabusu hutajwa kila baada ya wiki mbili hivi, na siku hiyo anaweza kuwa mahakamani kutwa nzima wakati wewe unamsubiri gereza la Kisongo, Arusha. Mfungwa naye huweza kuhamishiwa gereza lingine, kwa hiyo anayetoka Rombo au Same kuja gereza la Karanga, Moshi, athibitishe kwanza kama bado yupo.

Ambatanisha nakala ya kitambulisho na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa inayotaja uhusiano wenu. Mke aweke nakala ya cheti cha ndoa kama kipo. Ukienda na mtoto, beba cheti chake cha kuzaliwa.

Siku ya kwenda, simu usiingie nayo. Usivae chochote kinachofanana na sare za jeshi, na mama zetu kanga au kitenge kinatosha kabisa. Kama umeruhusiwa kumpelekea mahabusu chakula, kikatwe vipande vidogo kwenye chombo chenye mdomo mpana ili ukaguzi uwe mwepesi, na uwe tayari kukionja mbele ya askari. Mazungumzo yatafanyika askari akisikia. Ya siri kuhusu kesi mwachie wakili.

Pesa za ndugu ziandikwe kwenye daftari la gereza ukiona kwa macho yako. Kuomba kumwona hakulipiwi. Akikupigia mtu simu akidai ni askari, eti ndugu yako ni mgonjwa, tuma hela ya dawa, usitume: nenda getini ukaulize. Matapeli wanajua familia iliyo na hofu hutuma kwanza, huuliza baadaye.

Barua chapisha nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Ombi likikataliwa, uliza sababu kwa heshima, kisha hiyo nakala ipeleke ofisi ya Mkuu wa Magereza wa Mkoa.