Dozi ya ukoma imeisha, mkono bado unawaka

Nilimaliza dozi ya ukoma mwaka jana. Siambukizi mtu, na kwenye rejista nimeandikwa nimepona. Lakini usiku mkono wa kushoto unawaka moto kuanzia kiwiko hadi kidole cha mwisho, na ndugu zangu wameanza kuuliza kama zile dawa zilifanya kazi kweli.

Zilifanya. Kwa sisi wenye mabaka mengi dozi ni miezi 12 ya antibayotiki tatu: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Zinatolewa bure, kwa pakiti za siku 28. Rifampisini unaimeza mara moja kwa mwezi mbele ya muuguzi, na baadaye mkojo unatoka mwekundu. Iliyonitesa ni klofazimini. Uso uliiva mpaka wateja wangu wa cherehani wakadhani nimebabuka na mkorogo. Sasa weusi unafifia.

Kinachowaka ni mshipa wa fahamu. Bakteria wa ukoma hukaa ndani ya mishipa hiyo, na kinga ya mwili inapowashambulia, hata wakiwa wameshakufa, mshipa nao huvimba. Wangu unapita nyuma ya kiwiko. Ukiupapasa ni mnene kama kamba ya katani. Antibayotiki haishushi uvimbe huo. Dawa yake ni prednisoloni, na lazima iwahi: ganzi au udhaifu ukivuka miezi sita, mara nyingi nguvu hairudi.

Mimi yalinianza katikati ya dozi. Nilikuwa nakunja pindo la gauni, kidole kidogo kikagoma kukaa pamoja na wenzake. Kituoni muuguzi akaniambia nibane karatasi kati ya vidole, akaivuta, ikatoka yenyewe.

"Dada, leo huondoki hapa mpaka uonane na mratibu wa ukoma."

Prednisoloni ilinirudishia kidole. Kwa maumivu yaliyobaki nameza amitriptilini kidogo usiku, walau napata usingizi.

Mlio kwenye dozi, msiache vidonge kwa sababu mkono unauma, na msikae kimya mkidhani vidonge vitamaliza kila kitu. Kila mnapofuata pakiti, ombeni mpimwe macho, vidole na nyayo. Wa nyumbani nao wakachunguzwe ngozi; wangu walionekana salama, wakapewa dozi moja ya rifampisini ya kinga. Na wewe uliyemaliza kama mimi, ukisikia ganzi mpya rudi kituoni siku hiyo hiyo. Bado unastahili kutibiwa mshipa.