Nilivyoipata peni ishirini isiyo na mwaka

Ninayo, na imetoka kwenye mfuko wa kawaida wa chenji za benki hapa Uingereza. Ningeipata mapema zaidi kama nisingewasikiliza walioniambia nisake peni 2 zilizoandikwa NEW PENCE.

Nikabadilisha pauni 20 nzima kuwa peni mbilimbili. Sarafu 1,000, kila moja gramu 7.12: kilo saba na ushei begani, ndani ya basi. Kufungua mifuko, NEW PENCE zimejaa tele! Zote za 1971 hadi 1981 zimeandikwa hivyo. Yenye thamani ni ya 1983 tu, na kosa lile la kuandika NEW PENCE badala ya TWO PENCE liliingia kwenye seti za wakusanyaji, si kwenye sarafu za dukani. Anayekutajia mamia ya pauni kwa ya 1971 anakufanya mjinga.

Ya peni 20 ndiyo ya kusaka. Mwaka 2008 mchoro ulibadilishwa: tarehe iliyokuwa upande wa waridi ikahamia upande wa kichwa cha Malkia, na waridi likaachia nafasi kipande cha ngao. Baadhi zikapigwa ngao mpya na kichwa cha zamani, mwaka ukakosekana kotekote. Makadirio ni kati ya 50,000 na 200,000. Watu wanaona ngao haina mwaka, wanashangilia. Ngao haina mwaka hata kwenye sarafu ya kawaida, geuza kwanza!

Mfuko wa pauni 10 una sarafu 50. Namwaga juu ya taulo, hazitelezi wala hazipigi kelele, kisha zenye waridi nazitoa zote. Zinazobaki nazilaza kichwa juu na kusoma mwisho wa maandishi yanayozunguka kichwa, mwaka unakaa pale. Dakika mbili tatu, basi. Mifuko iliyokaguliwa ipeleke tawi jingine, la sivyo wiki ijayo utapewa zilezile. Yangu ilikuja kwenye mfuko wa arobaini hivi, nilishaacha kuhesabu.

Ukiipata usiisugue. Ya kwanza ya mazoezi niliilowesha kwenye limao. Sarafu hii ni shaba asilimia 84 na nikeli 16, asidi ikala juu ikaacha wekundu kama kidonda. Maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo yanatosha, kisha ibonyeze kwa kitambaa laini.

Nyingine adimu ni peni 50 ya 2009 yenye picha ya Kew Gardens, bustani ya London: zilitolewa 210,000 na inauzwa zaidi ya pauni 100, kwa hiyo bandia ni nyingi. Halisi ina gramu 8 na haishikwi na sumaku. Mizani ya jikoni isiyo na desimali haitakusaidia.

Bei zitazame kwenye zilizokwisha kuuzwa; bei anayoomba muuzaji si kitu, yeyote anaweza kuandika elfu. Peni 20 yangu nilipewa ofa ya pauni hamsini na kitu. Bado ipo kwenye bahasha.