Kucharaza gita bila piki: wiki ya sita nahangaika na vidole

Piki yangu ya mwisho (kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi) ilidumbukia kwenye tundu la gita, nikaligeuza gita kichwa chini miguu juu, nikalitikisa mpaka mabega yakauma, piki yenyewe inalia tu kachakacha humo ndani na haitoki. Nikasema basi, kuanzia leo ni vidole. Sasa ni wiki ya sita, naandika haya maana nikisema nitayakumbuka najidanganya.

Gita ni la kawaida, nyuzi za chuma. Na mi sio wale wa kudonoa uzi mmoja mmoja, mi napiga kodi naimba juu yake (kodi za gita jamani, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, sio za serikali). Kwa hiyo swali langu lilikuwa dogo tu, kidole gani kinashuka na kidole gani kinapanda. Nilidhani siku mbili zinatosha.

Wiki ya kwanza: gumba peke yake. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa lakini yule Wes Montgomery, mpiga jazi wa Marekani aliyefariki 1968, anajulikana kwa kupiga kwa gumba badala ya piki na hakuna aliyemlalamikia, nikajiambia mi nani hata nilidharau gumba. Na kweli kushuka ni raha, nyama ya gumba inapita juu ya nyuzi nene besi inatoka nzito, laini, inafaa kabisa kwa nyimbo za taratibu. Shida ni kupanda. Gumba likipanda linakwama kwenye ule uzi wa kwanza mwembamba, kila mara, kama shati limenasa kwenye msumari.

Nikalegeza kifundo cha mkono, likaacha kukwama, nikafurahi. Kisha nikajirekodi kwa simu, metronomu (kile kidude cha kuhesabu mwendo) iko mapigo 70 kwa dakika, nikasikiliza... kuna kitu hakiko sawa na sikijui. Kodi ni zile zile, mwendo haujayumba, ila wimbo unasikika kama mtu aliyevaa viatu kinyume. Nimeurudia labda mara kumi ndo nikang'amua. Hesabu "moja na mbili na tatu na nne na". Nikishuka, yaani kwenye moja, mbili, tatu, nne, inayogusa nyuzi ni nyama, sauti ya chini. Nikipanda, kwenye zile "na", inayogusa ni kucha ya gumba, sauti kali. Kwa hiyo "na" zote zilikuwa zinapiga kelele kuliko namba zenyewe! Kumbe muda wote nilikuwa nauliza kidole gani wakati nilitakiwa niulize ni upande gani wa kidole unaogusa uzi wakati gani.

Baada ya hapo nikahamia kidole cha shahada, maana chenyewe ni kinyume cha gumba: kikishuka ni kucha, kikipanda ni nyama. Namba zikang'aa, "na" zikatulia, mdundo ukakaa sawa siku ile ile. Nikanogewa nikapiga kama dakika arobaini bila kupumzika na nilipokuja kutazama kuna vidoa vya kahawia kwenye ubao wa gita chini ya tundu, nikadhani uchafu, nikafuta kwa kidole ndo nikaona ni damu, ngozi ya pembeni ya kucha imechanika na wala sikusikia maumivu. Kosa lilikuwa langu, nilikuwa nazamisha kidole chote katikati ya nyuzi na nimekikaza kama nachimba. Inatakiwa iguse ncha tu, kidole kilegee, na nguvu itoke kwenye mkono unavyozunguka, kama unakung'uta maji baada ya kunawa. Siku tatu sikugusa gita.

Wiki ya tatu sitaisema sana. Nilijaribu vile vya wapiga gita la flamenko, ule muziki wa Hispania, vidole vinafunguka kimoja baada ya kingine kama feni. Kidole changu cha pete hakifunguki chenyewe, basi. Weka kiganja mezani, kunja cha kati kiingie chini ya kiganja, halafu jaribu kuinua cha pete uone. Kano zake nyuma ya mkono zimeungana na za jirani zake. Wenzetu wanafanya mazoezi miaka, mi nataka kuimba tu.

Nilipofika sasa ni hivi. Kwenye beti, gumba linagonga besi kwenye moja na tatu, halafu shahada na cha kati vinarushwa pamoja kwa kucha kwenye mbili na nne, sauti inakuwa tum-cha tum-cha. Hapo sipandi kabisa. Kwenye kiitikio nabana shahada na gumba kama nimeshika piki ambayo haipo: kushuka inagusa kucha ya shahada, kupanda inagusa kucha ya gumba, pande zote kucha, kwa hiyo sauti inalingana na nimeweza kufika 100 bila kukwama. Halafu nikitaka ukali nasogea karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye ubao, nikitaka ulaini narudi juu kuelekea shingoni, hiyo hata piki ilikuwa inafanya hivyo hivyo ila zamani sikuwa nasikiliza.

Kinachonisumbua bado ni kile kipande cha kuhama kutoka beti kwenda kiitikio. Vidole vinachelewa kukutana, napoteza pigo moja, najikuta nimeimba neno la kwanza bila gita. Dawa ninayojaribu ni kuacha mkono uendelee kwenda chini na juu hata kama haugusi uzi wowote, usisimame hata kidogo, nabana vidole nikiwa angani. Kwenye 60 inakubali. Kwenye 80 inakubali mara mbili kati ya tano.

Na juzi kucha ya gumba imekatika nikifungua mfuniko wa chupa, kwa hiyo kiitikio kimerudi kuwa kinyonge upande wa kupanda mpaka iote. Piki bado imo ndani, nikiinua gita naisikia.