Tembo wa Kupaka

Jumatatu, saa tano usiku. Vidole bado vinanuka kitunguu thomu. Nimeviosha kwa ndimu, nimeviosha kwa sabuni ya mche, wapi! Harusi imekwisha juzi, bibi harusi yuko kwake, na kitu kilichonigandia kichwani si taarabu wala mapambo. Ni tembo aliyepikwa na shangazi kwa mdomo, usiku ule tulipokuwa tunakuna nazi.

Tulikuwa uani, Tanga, wanawake tisa na mbuzi tano. Nasema tano, si watano: zile za kukalia, zenye meno ya chuma. Kesho yake ilikuwa wali wa nazi na changu wa kupaka kwa watu 200. Mtoto wa dada yangu, wa miaka saba, akachungulia masufuria yote kisha akauliza, "Samaki wa kupaka, sasa huyo paka yuko wapi?"

Tulicheka mpaka mmoja wetu akajikuna kidole badala ya nazi. Shangazi hakucheka. Yeye mzaha wake huutoa na uso wa mtu aliye kwenye khitma.

"Paka mdogo, mwanangu," akamjibu. "Hatoshi watu 200. Shughuli kubwa hupikiwa tembo wa kupaka."

Akaanza. Umchukue tembo dume wa makamo, usichukue mzee, nyama yake itakulaza na njaa. Umuoshe, lakini usihangaike na beseni, mpeleke Mto Pangani. Kisha umchanje kama unavyochanja changu, mistari mitatu kila ubavu, ila kisu uweke kando utafute shoka, kwa sababu ngozi ya tembo kuna mahali inafika unene wa sentimita 2 na nusu. Ndimu, thomu, tangawizi na pilipili viingie mpaka ndani ya michanjo. Chumvi gunia moja. Mkonga usiuguse: hauna mfupa hata mmoja, nyama tupu, kwa hiyo huo utengwe kwa upande wa bwana harusi wasije wakasema hawakuheshimiwa. Wavu wa kuchomea, vua geti la godauni. Tui likishakuwa zito, mpakaji apande ngazi na brashi ya chokaa, apake huku anashuka. Akifika chini, upande wa juu umeshakauka, apande tena.

Mimi nina ugonjwa wa hesabu. Nikafuta mikono, nikatoa simu. Samaki wa kilo moja sisi humwekea nazi mbili. Tembo dume mkubwa hufika tani 6. Nikampunguzia shangazi, nikaweka 5. Nazi 10,000. Mnazi mzuri hutoa nazi 50 au 60 kwa mwaka, maana yake tuangue minazi isiyopungua 160, mavuno ya mwaka mzima. Na kukuna? Nazi moja dakika tano, mbuzi zetu tano: siku saba, usiku na mchana, bila mtu kwenda hata msalani. Kwa joto la Tanga, tui la siku ya kwanza litakuwa limechacha kabla hata ya siku ya pili kufika.

"Ndiyo maana watu wanafunga ndoa za kimyakimya," shangazi akasema.

Hapo ndipo mzee mmoja jirani, aliyekuwa barazani na wanaume, akatokea mlangoni na bilauri mkononi. Alisikia neno moja tu kupitia dirishani. "Nasikia kuna tembo. Liko wapi?"

"Si *liko*, mzee wangu," shangazi akamwambia. "Yuko." Mzee akaitazama bilauri yake, akatutazama sisi na nazi zetu, akaondoka bila kuaga. La mnazi huwa halipikwi, na nyumba yetu haliingii. Wala huyo wa msituni haliwi kwetu, ni haramu, jambo ambalo halikumzuia shangazi hata kidogo kumgawa mapande.

Aliyenyamaza katika kicheko chote alikuwa mkwe wetu aliyeolewa Tunduru. Baadaye akasema, polepole, "Pilipili hapo mmekosea." Kule kwao pilipili haiwi kiungo cha tembo, ni silaha. Inatwangwa, inachanganywa na oili chafu ya magari, inapakwa kwenye kamba na vitambaa kuzunguka shamba, na nyingine inachomwa pamoja na kinyesi kikavu ili moshi umwashe pua. Wengine hutundika mizinga kwenye waya, maana tembo na ukubwa wake wote anamkimbia nyuki. Akasema mwaka mmoja waliingia usiku, alfajiri akatoka kwenda kuchuma mahindi akakuta pamesawazishwa kama uwanja wa mpira. "Nyinyi mnampika," alisema, "mimi mkononi nilikuwa na debe tu la kugonga." Tukarudi kukuna. Kwa muda zilisikika mbuzi peke yake.

Leo, kwa kuwa usingizi hauji, nimekaa kusoma kama kuna mtu aliyewahi kufanya kweli. Yupo. Jeshi la Prussia liliuzingira mji wa Paris kuanzia Septemba 1870 mpaka Januari 1871, chakula kikaisha, watu wakala farasi, kisha punda, mbwa na panya, kisha wakageukia bustani ya wanyama. Tembo wawili waliokuwa wakibeba watu mgongoni kwa matembezi, Castor na Pollux, waliuzwa kwa muuza nyama kwa faranga 27,000. Mwandishi wa Kiingereza Henry Labouchère alionja, akaandika kuwa nyama ni ngumu, ya nyuzinyuzi na ya mafutamafuta, na kwamba hawashauri Waingereza kuila maadamu ng'ombe na kondoo wapo. Nadhani hakupakiwa tui.

Lakini kilichoniamsha kitini ni menyu ya Krismasi ya mwaka huo huo, ya mpishi Alexandre Choron katika mkahawa wa Voisin. Supu ya tembo. Ngamia wa kuchoma. Mchuzi wa kangaruu. Na chini kidogo: paka, amezungukwa na panya. Kumbe mtoto wa dada yangu aliuliza swali la maana, ila alikosea mji.

Na leo hii asubuhi, kabla sijasoma hayo, shangazi alinipigia. Nilidhani ni habari za masufuria ya watu ambayo hayajarudishwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Uliandika yale mapishi?"

"Niliandika, nyuma ya orodha ya sokoni."

"Ongeza papai bichi. Usiku ule nililisahau, na bila papai hatalainika."

Nikamuuliza mangapi.

"Mangapi nini? Mkande na mpapai wenyewe."